Lala Miriakamba Mara Mbili

Anayeishi Arusha mjini anaujua Mlima Meru kwa mgongo tu. Ukiutazama kutoka Sanawari asubuhi yenye anga safi, unaona umbo zima la pia lisilo na kasoro, kijani chini na jiwe juu, kama mlima uliochorwa kwenye daftari la mtoto. Uso wake uko mashariki, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na uso huo ulishabomoka. Miaka elfu kadhaa iliyopita ubavu wa mlima uliporomoka ukamwagika kuelekea Kilimanjaro, ukaacha ukuta wa mawe wenye umbo la hilali na kimo cha mita zipatazo 1,500. Maziwa ya Momella yalijikusanya kwenye mabonde ya kifusi kile. Njia ya kupanda inaanzia kifusini, inapenya msituni, kisha inafuata ukingo wa ukuta uliobaki hadi kileleni, mita 4,566 juu ya usawa wa bahari. (Ramani nyingine zinaandika 4,562. Ukishafika hutakuwa na pumzi ya kubishania mita nne.)

Mwongozo huu nimemwandikia mtu wa kwetu mwenye afya ya kawaida, likizo fupi na fedha za kuhesabu. Ushauri mkubwa nautanguliza ili hata ukiishia aya hii usiwe umepoteza muda wako: usikubali ratiba ya siku tatu. Chukua siku nne, na usiku wa tatu urudi kulala Miriakamba.

Sababu ni hesabu tu. Lango la Momella liko kwenye mita 1,500 hivi. Siku ya kwanza unalala kambi ya Miriakamba, mita 2,514. Siku ya pili unalala kambi ya Saddle, mita 3,570, na usiku huohuo unaamka kwenda kileleni. Hadi hapo ratiba zote mbili ni zilezile. Tofauti inaanza ukishashuka kileleni. Ratiba ya siku tatu inakutaka ufike Momella jioni hiyohiyo: zaidi ya mita 3,000 za mteremko, kwa miguu iliyoamka saa 7 usiku. Mara yangu ya kwanza nilifanya hivyo, na wiki nzima baadaye nilikuwa nashuka ngazi za ofisini kinyumenyume huku wenzangu wakicheka. Ratiba ya siku nne inakusimamisha Miriakamba, unakula, unalala fofofo, na kesho yake unaupita msitu asubuhi bila kukimbizana na saa. Wanaokwenda siku tatu huuona msitu mara moja tu kwa macho, siku ya kupanda. Wakati wa kushuka wanaangalia vidole vya miguu.

Panga safari kati ya Juni na Oktoba, au Januari na Februari. Masika, Machi hadi Mei, njia ya msituni ni utelezi, na kileleni utaona ndani ya wingu tu. Usidanganywe na baridi ya Arusha mwezi Julai, mji unapofunikwa na mawingu wiki nzima na watu wanavaa makoti hadi kwenye daladala. Mara nyingi wingu hilo lina mwisho wake, nawe unatokeza juu yake kama mtu anayetoka kisimani. Kabla ya kuamua tarehe, tazama kalenda ya mwezi pia. Ukilenga mwezi mpevu au siku mbili tatu baada yake, utapanda usiku wa kilele kwa mbalamwezi, tochi ukiitumia kwenye vivuli tu.

Kuhusu malipo, viwango hubadilika, kwa hiyo waulize TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wenyewe badala ya kutegemea bei aliyolipa binamu yako miaka mitano iliyopita. Raia wa Afrika Mashariki ana kiwango chake, kilicho chini sana kuliko cha mgeni, lakini hakitolewi kwa lafudhi: beba kitambulisho cha taifa au pasipoti. Askari wa hifadhi mwenye bunduki ni lazima, huwezi kupanda bila yeye. Mpagazi ni hiari, na mimi namshauri kila mtu amchukue, hata yule kijana anayenyanyua vyuma. Kubeba kilo 15 gorofani ni jambo moja, na kuzibeba kwenye mita 3,500 ni jambo jingine kabisa. Mkubaliane ujira na bakshishi mkiwa bado chini, mbele ya wote, ili siku ya mwisho pasiwe na minong'ono.

Sasa viatu, maana hapa ndipo wengi tunapoumbuka. Mitumba ya Arusha na Moshi imejaa buti za mlima zilizotoka Ulaya, nyingine hazijavaliwa hata mara kumi, nawe unajiona umeokota dodo. Tatizo liko kwenye soli. Tabaka laini lililo katikati ya soli ya buti nyingi huoza taratibu kwa unyevu wa hewa, hata kiatu kikiwa kimelala sandukuni. Kwa nje kinang'aa, ndani kimeshakuwa jibini. Kabla ya kulipa, kikunje kwa nguvu mara kadhaa, kisha bonyeza lile tabaka kwa ukucha wa dole gumba. Likiacha alama isiyorudi au likitoa chembechembe, kirudishe mezani hata kama muuzaji anakuita mjomba. Mimi sikubonyeza. Soli ya kulia ilianza kupiga makofi siku ya pili, nikiwa mahali panapoitwa Mgongo wa Tembo, na nilimaliza safari kwa mpira wa tairi la baiskeli ambao mpagazi mmoja aliutoa mfukoni kama mtu aliyekuwa akinisubiri. Tangu hapo kipande cha mpira huo hakikosi kwenye begi langu. Na kiatu chochote, kipya au kikuukuu, kivae wiki tatu mjini kwanza. Ukakate kucha za miguu pia, maana kwenye mteremko kucha ndefu hugeuka msumari.

Nguo zihesabu hivi: kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 au 7 hivi. Kutoka Momella hadi kileleni ni mita 3,000 na ushei, kwa hiyo ondoa nyuzi 20. Momella ikiwa na nyuzi 18 usiku, kileleni maji yanaganda, na bado hujaongeza upepo. Vaa kwa matabaka: nguo ya ndani inayobana, sweta, kisha jaketi lisilopitisha upepo na maji. Jinzi iache nyumbani, ikilowa haikauki hadi urudi. Kofia ya mzula, glovu, soksi nene jozi tatu, tochi ya kichwani na betri za akiba. Begi la kulalia kodi mjini kama huna, ila lifungue na ulinuse kabla ya kuondoka dukani. Vitu vya kulinda na mvua vitie kwenye mfuko mzito wa turubai. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na hifadhini ndipo mahali pabaya zaidi pa kukutwa nayo.

Chakula nitakipita haraka. Chapati hukaa siku mbili bila kuharibika, tende na karanga hukaa hata mwezi, na chai ya tangawizi hukufanya upende kuishi. Maharage yaache. Hewa ya tumboni hutanuka kadiri unavyopanda, na kambini mnalala watu kadhaa chumba kimoja kwenye vitanda vya dabo deka.

Usiku wa kuamkia siku ya kupanda lala Usa River, au uondoke Arusha alfajiri, ufike Momella kabla ya saa 3. Kutoka barabara kuu ya Moshi utapita lango la Ngongongare, kisha uwanda wazi unaoitwa Serengeti Ndogo, ambako twiga hukutazama kama mlinzi wa benki. Huku ndiko filamu ya Hollywood iliyopewa jina la Kiswahili, Hatari!, ilikopigwa picha, ikatoka mwaka 1962. Ukikutana na nyati wa kwanza utaona jina halikukosewa.

Kuna njia mbili kati ya Momella na Miriakamba. Fupi ni ya mwinuko mkali, ndefu inazunguka kusini msituni na huchukua saa 4 hadi 5. Panda kwa ndefu, shuka kwa fupi. Ndefu ndiyo inayopita chini ya mkuyu maarufu wenye tao, na hapo simama hata kama kundi lina haraka. Mkuyu huo haukuota ardhini. Ulianza kama mbegu iliyodondoshwa juu ya mti mwingine na ndege au nyani, ukateremsha mizizi kama kamba, mizizi ikagusa udongo, ikanenepa, ikamkumbatia mwenyeji wake hadi akafa na kuoza. Kilichobaki ni mlango mkubwa unaoweza kupitisha gari. Weka kiganja kwenye mmoja wa ile mizizi: ni wa baridi, una unyevu, na umeungana na mwenzake bila mshono wowote.

Kuanzia hapo msitu unakaza. Podo na mitarakwa imesimama mirefu, matawi yake yamening'iniza nyuzi za kijivu kama katani iliyoanikwa. Nyuzi hizo na majani madogomadogo huchana maji kutoka kwenye ukungu, tone kwa tone, hata siku isiyo na mvua. Ndiyo maana njia huwa na matope mwezi Septemba, na ndiyo maana mifereji ya migomba na kahawa ya Wameru huko chini ina maji. Mbega wa hapa ni weusi wenye shela jeupe mgongoni. Alfajiri dume hutoa sauti ya pikipiki inayokataa kuwaka, jirani yake akajibu, na wa bonde la tatu akajibu. Hondohondo wakipita juu utasikia mbawa zao kabla hujawaona.

Tembea nyuma ya askari, hatua chache tu kutoka kwake, na usimpite hata kama unaona anajikokota. Mwendo wake ni wa makusudi. Hatari ya kweli msituni ni nyati, hasa dume mzee anayeishi peke yake, ambaye hulala kichakani na huudhika akishtuliwa. Simba hakuna katika hifadhi hii, chui wapo ila utawaona kwa nyayo tu. Askari akiinua mkono, simama, nyamaza, na usikimbie. Ukibanwa na haja, mwambie kabla hujaingia kichakani, aibu kidogo haiui. Ingiza pindo za suruali ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, na ukiona mstari mweusi unaokatiza njia, uruke kwanza, picha baadaye.

Kuhusu mwendo, sahau saa. Kipimo ni mdomo wako: ukiweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, mwendo ni sawa. Ukianza kuongea kama unatuma simu ya upepo, punguza. Kunywa maji hata kama huna kiu, lita 3 kwa siku, na mkojo uwe wa rangi ya maji ya limau, usiwe wa chai.

Miriakamba jua linapozama utaona Kilimanjaro mashariki ikigeuka waridi, na hapo kila mtu atatoa simu. Piga picha, kisha ulale mapema.

Siku ya pili ni fupi kwa kilomita na ndefu kwa ngazi. Unapita Topela Mbogo, penye majimaji wanakokunywa nyati, kisha Mgongo wa Tembo, ambapo kwa mara ya kwanza ukuta wote uliobomoka unajifunua mbele yako na ndani yake kile kilima cheusi cha majivu chenye kilele cha mita 3,667. Meru ni volkano iliyo hai bado. Mara ya mwisho ilitema majivu kidogo mwaka 1910. Kutoka hapo miti inafupika, inakuwa vichaka, na vichaka vinakuwa nyasi. Jaza vyombo vyote vya maji kabla ya kuiacha Miriakamba, usitegemee kupata maji Saddle.

Ukifika Saddle, kishawishi ni kujitupa kitandani. Pumzika saa moja, kunywa chai, kisha panda Meru Ndogo, mita 3,820. Ni mwendo wa chini ya saa moja na unautoa mwili ushamba: umeuonjesha hewa nyembamba, kisha unaurudisha kulala chini kidogo. Wapandaji wenye uzoefu duniani kote hufanya hivyo. Na kama usiku huo hali ya hewa itakunyima kilele cha juu, angalau utarudi nyumbani na kilele kimoja cha halali.

Hapa ndipo ugonjwa wa mwinuko hujitokeza. Kichwa kuuma kidogo na kukosa hamu ya kula ni kawaida, na hapo dawa ni kupumzika na kutopanda zaidi hadi kipoe. Kichwa kikiuma hata baada ya dawa ya maumivu, au ukitapika, usipande. Ukianza kuyumba kama mlevi, ukachanganyikiwa, au ukakosa pumzi hata umekaa, shuka mara moja, usiku uleule, na mtu wa kukusindikiza. Jaribio rahisi ni kumwambia mwenzako atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa kidole. Akishindwa, mjadala umekwisha. Mwenye shinikizo la damu, pumu au ujauzito aongee na daktari kabla hata ya kulipa.

Kuamka ni saa 7 usiku. Utakuwa hujalala vizuri, hakuna anayelala vizuri Saddle. Lazimisha biskuti mbili na kikombe cha chai. Simu na betri za akiba zilale nawe ndani ya begi la kulalia, baridi hula chaji. Chupa ya maji igeuze kichwa chini kwenye begi, kwa sababu barafu huanzia juu na hivyo kizibo hakitaganda.

Saa ya kwanza inakufikisha Rhino Point, mita 3,821, na moyo unapata matumaini. Kisha njia inateremka kidogo, jambo linalotia uchungu, na inafuata miamba ambapo mikono inafanya kazi kama miguu. Baada ya hapo ni ukingo wenyewe: majivu meusi yanayokurudisha nusu hatua kwa kila hatua, na upande wa kushoto shimo. Usiku hulioni, unalihisi tu kwa upepo unaopanda kutoka chini. Mwanga wa tochi uelekeze kwenye visigino vya aliye mbele yako, si mahali pengine. Fimbo mbili za kutembelea hapa ni sawa na miguu miwili ya ziada. Ukifika Cobra Point, mita 4,350, utaona kilele na kudhani ni dakika kumi. Ni karibu saa nzima, na robo ya mwisho ni mawe matupu.

Kilele kinaitwa Socialist Peak, kilele cha Ujamaa, na kwa kweli hakuna anayefika pale bila kusukumwa au kuvutwa na mwingine. Mashariki, kilomita zipatazo 70, Kilimanjaro imekaa juu ya mawingu. Kama unataka ile picha ya jua likitoka karibu na Kilimanjaro, njoo miezi ya katikati ya mwaka, maana Desemba na Januari jua huchomoza mbali kulia kwake. Kaa dakika 20, usizidi. Jasho likishapoa, baridi inaingia hadi kwenye mifupa.

Sasa geuka. Shimo ulilopita nalo gizani liko kulia kwako, na utaona mahali ulipokanyaga saa 10 usiku. Wengine hukaa chini ghafla. Ni ruhusa. Shuka kwa kisigino kwenye majivu, kwa uangalifu kwenye miamba, na usiache furaha iongoze safari, kwa sababu ajali nyingi za mlima hutokea wakati wa kushuka, watu wakiwa wamechoka na wanajiona wamemaliza. Saddle utapata supu na usingizi wa saa moja, kisha Miriakamba.

Usiku huo wa pili Miriakamba ndio niliokuahidi. Asubuhi, mwombe askari muondoke mapema mshuke polepole kwa njia fupi. Mbega watakuwa bado wanawasha pikipiki zao, na safari hii huna pa kuwahi. Mimi hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza ndege wa kijani ambaye akiruka hufunua mbawa nyekundu kama kanga iliyopepea, katika msitu niliokuwa nimeshaupita mara kadhaa kabla.

Momella, lipa bakshishi kwa mkono wako, mtu mmoja mmoja na kwa jina lake. Ukifika nyumbani, viatu viloweke usiku kucha kabla ya kusugua, na kamba zivue uzifue peke yake. Majivu ya Meru hayatoki kwa maji ya kwanza.